TREPIE YA KAMERA KUBWA: namna ya kuchagua miguu na kichwa visivyotetemeka



Katika namba hii, sisi wa kikundi cha foto tunataka kueleza jambo moja ambalo watu wengi wanalidharau: ile miguu mitatu inayobeba kamera, ndiyo trepie. Mwanafunzi akisikia neno foto, mara moja anawaza lensi, filmu, na dawa za chumba cha giza. Sisi pia tulikuwa tunawaza hivyo. Sasa tumejifunza, lakini somo lilitugharimu.

Munakumbuka foto ya wafinalisti ya mwaka uliopita. Tuliipiga kwa ile kamera ya mbao ya zamani, ya santimetre 13 kwa 18, inayokaa katika kabati ya fizike. Kamera ni nzima, lensi ni safi, filmu ilikuwa mpya. Lakini trepie yake mwenyewe ilivunjika zamani, na sisi tukaazima trepie nyepesi ya aluminiyumu, iliyotengenezwa kwa kamera ndogo. Kamera ilikaa juu yake bila kuanguka, tukafurahi. Tulipoosha filmu, tuliona kila uso una kingo mbili, sawa vile mtu anavyoonekana katika maji yanayotikisika.

Miezi michache baadaye, mmoja wa wafinalisti wale alifariki kwa ugonjwa. Mama yake alipanda kilima mpaka hapa shuleni kuomba ile foto, kwa sababu nyumbani hakukuwa na nyingine ya mtoto wake akiwa mkubwa. Tulimpa. Aliiangalia muda mrefu, akasema: « Watoto wangu, ni yeye, ninamujua kwa mabega. Lakini uso wake iko wapi? » Tulimwambia: « Mama, utusamehe. » Zaidi ya pale hatukuwa na neno.

Mwalimu wetu wa fizike alituambia kwamba kusikitika peke yake hakutoshi, ni lazima kutafuta kosa lilikuwa wapi. Tulilitafuta muhula mzima. Haya ndiyo tuliyoyapata.

1. KWA NINI KAMERA KUBWA INASUMBUA

Kamera ndogo munaishika mkononi, munaangalia, munabonyeza, imekwisha. Kamera kubwa haiko hivyo. Kwa nyuma iko na kioo cha ukungu. Mpiga foto anaingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi, anaona watu wakiwa miguu juu kichwa chini, anasogeza lensi mpaka sura iwe kali. Halafu anafunga lensi, anaingiza shasi yenye filmu mahali pa kioo, anavuta kifuniko cha shasi, na hapo tu anaweza kupiga. Toka wakati alipoangalia mpaka wakati wa kupiga, yeye haoni kitu tena. Kama kamera imesogea hapo katikati, hatajua mpaka siku ya kuosha filmu.

Tena kamera hii inataka muda mrefu wa nuru. Lensi ya kamera kubwa ni ya urefu mkubwa, na ili safu ya mbele na safu ya nyuma zote ziwe kali, ni lazima kufunga diafragma sana, mpaka 22 ao 32. Fanyeni hesabu pamoja nasi. Kanuni ya wapiga foto inasema: kwa jua kali na filmu ya ISO 100, diafragma 16 inataka 1/100 ya segonde. Diafragma 32 inapitisha nuru mara 4 chini ya ile, basi tunafika 1/25. Watu wakiwa katika kivuli cha mti, nuru inaweza kupungua mara 8: tunafika karibu 1/3 ya segonde. Mukiweka na filtre ya manjano inayokula nusu ya nuru, munakaribia 2/3 ya segonde. Hakuna mkono wa mtu unaoweza kukaa kimya muda ule wote. Ni trepie inayofanya kazi.

Mabingwa pia hawakuponyoka sheria hii. Mwaka 1941, Ansel Adams wa Marekani alipiga foto inayoitwa « Moonrise, Hernandez, New Mexico », mwezi ukipanda juu ya kijiji kidogo. Alitumia kamera ya inchi 8 kwa 10, diafragma 32, na muda wa segonde 1 nzima. Kabla hajapiga filmu ya pili, nuru ilikuwa imekwisha kuondoka juu ya misalaba ya makaburi. Alibaki na ile moja tu. Kama trepie yake ingetetemeka segonde ile, dunia isingeijua foto hiyo.

Na katika Afrika yetu, Seydou Keïta wa Bamako, katika Mali, alifungua studio yake mwaka 1948. Kwa miaka mingi alipiga watu katika uwanja wa nyumba, kwa nuru ya jua, na kamera ya 13 kwa 18 kama hii yetu. Kwa kupunguza gharama, kwa kawaida alimpiga kila mtu mara moja tu. Mtu anayepiga mara moja tu, ni lazima amini kitu kilicho chini ya kamera.

2. KUTETEMEKA KIDOGO NI KIASI GANI?

Hapa ndipo tulishangaa. Lensi yetu ni ya milimetre 210. Kutoka visi ya trepie mpaka mbele ya kamera ni karibu santimetre 20. Mbele ya kamera ikishuka milimetre 0,1 tu, ni kusema unene wa karatasi moja ya kayé, sura inasogea karibu milimetre 0,1 juu ya filmu.

Mutasema: hiyo ni kitu bure. Ngojeni. Katika foto ya darasa, watu wanachukua upana wa metre 9 hivi, na filmu iko na santimetre 18. Kila kitu kimepunguzwa mara 50. Uso wa mtu unakuwa milimetre 4, na jicho lake halifiki hata milimetre 1: ni 0,6 tu. Kusogea kwa unene wa karatasi kumekula sehemu moja ya sita ya jicho. Kama munaipiga foto juu ya karatasi ya kipimo kilekile cha 13 kwa 18, macho yetu hayataona kosa hilo. Lakini mukiikuza mara 3 kwa kuitundika ukutani, kosa litaonekana. Na trepie yetu ya mwaka uliopita ilitetemeka mara nyingi kupita karatasi moja.

Kwa nini kingo mbili? Mwalimu alitueleza kwa pandilo, ni kusema uzito uliofungwa kwa kamba. Kitu kinachotikisika kinapita mbio katikati, lakini kinasimama kidogo katika kila mwisho wa mwendo, mbele ya kurudi. Filmu inapata nuru nyingi zaidi katika zile pande mbili. Ndiyo maana kila uso uliandikwa mara mbili.

3. KIPIMO CHA KIOO

Watengenezaji wa trepie wanaandika kilo ambazo trepie inaweza kubeba. Namba ile ni muzuri kuijua, lakini haitoshi. Inasema trepie haitaanguka, haisemi kama itatetemeka. Tena kila mtengenezaji anapima kwa namna yake. Kwa kawaida tunachagua trepie ambayo kilo zake zinapita uzito wa kamera mara mbili ao zaidi, kisha tunaipima sisi wenyewe.

Kipimo chetu hakina bei. Tunafunga kamera juu ya trepie kama siku ya kupiga. Tunabandika kipande kidogo cha kioo cha kujitazamia kwenye ubao wa lensi, kwa nta. Tunaweka kamera juani, ili kioo kirudishe nuru ya jua juu ya ukuta wenye kivuli, kwa umbali wa metre 10. Kwa ukuta tunaona duara la nuru, pana kama sahani. Tunachora mstari wa chaki kwenye ukingo wake. Sasa mmoja anapiga mguu wa trepie kidogo kwa kidole, na mwingine anaangalia ukingo wa duara.

Munajua kutoka kosi ya optike kwamba kioo kikigeuka kidogo, nuru inageuka mara mbili ya pale. Basi ule unene wa karatasi moja mbele ya kamera unakuwa santimetre 1 nzima juu ya ukuta. Kitu ambacho jicho lilikuwa haliwezi kuona, sasa kila mtu anakiona. Duara lenyewe litatembea polepole kwa sababu jua linatembea. Hilo si kosa ya trepie. Angalieni tu kutikisika, na muhesabu kunachukua segonde ngapi mpaka kutulia. Lakini musiangalie ndani ya kioo kinaporudisha jua, ni hatari kwa macho.

Trepie ya aluminiyumu ya mwaka uliopita: duara liliruka kupita upana wa kiganja, na tulihesabu mpaka nne likiwa bado linacheza. Pale tulikaa kimya. Kosa tulikuwa tumelipata.

4. MIGUU

Kwanza, kwa nini mitatu? Meza ya miguu minne inayumba pasipo sakafu sawasawa, lakini kiti cha miguu mitatu hakiyumbi hata juu ya mawe. Nukta tatu kila mara zinakaa juu ya plani moja. Jeometri imetufundisha hayo. Basi mguu wa tatu haukosi kugusa. Kinachobaki ni kujua kama miguu yenyewe inapinda ao inajisokota.

Unene. Bomba nene ni gumu kuliko bomba jembamba, tena kwa kiasi ambacho hatukukifikiri. Mabomba mawili ya chuma kilekile, yenye ukuta wa unene uleule: moja likiwa na upana mara mbili, ugumu wake wa kupinda unakuwa karibu mara 8. Ndiyo maana tunaangalia kwanza sehemu ya chini ya mguu, ile nyembamba kuliko zote. Kama ile iko kama kidole kidogo, muache.

Vipande. Mguu unaokunjwa mara nne ao tano unaingia muzuri katika mfuko wa safari, lakini kila kiungo ni mahali pa kulegea, na kipande cha mwisho kinakuwa chembamba sana. Kwa kamera kubwa, miguu ya vipande viwili ao vitatu ni bora.

Nguzo ya katikati. Trepie nyingi ziko na nguzo inayopanda katikati. Mukiipandisha, munakuwa mumeweka kamera juu ya fimbo moja, na ile miguu mitatu inabaki chini bila kazi. Mutafute trepie inayofika urefu wenu bila kupandisha nguzo. Kioo cha ukungu kinapaswa kuwa mbele ya macho. Kamera yenyewe inaongeza santimetre 15 ao 20. Basi trepie ikifika karibu na kidevu, imetosha.

Kitu imetengenezwa nacho. Aluminiyumu ni nyepesi na bei yake si kali, lakini mabomba yake yanaweza kuendelea kulia kidogo baada ya kugongwa, kama kengele. Nyuzi za kaboni ni ngumu na nyepesi sana, lakini bei yake ni kali. Mbao ni nzito, lakini inameza mtetemo upesi. Mutajaribu wenyewe: mugonge bomba la chuma, halafu mugonge mpini wa jembe. Kipi kinanyamaza kwanza? Ndiyo maana wapiga foto wa kamera kubwa hawajaiacha mbao mpaka leo. Kampuni ya Berlebach ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1898, bado inatengeneza trepie za mti.

Uzito. Hapa kuko kosa la kufikiri. Uzito peke yake si ugumu. Mufuko wa sima juu ya kiti kilichovunjika ni uzito mwingi, lakini hatuketi pale. Tulikutana na trepie nzito yenye viungo vilivyolegea, na kwa kipimo cha kioo ikashindwa na nyepesi. Tena trepie nzito kupita nguvu zenu itabaki nyumbani, na trepie iliyobaki nyumbani haifai kitu.

Kujisokota. Mwisho, mushike ubao wa juu kwa mikono miwili na kuusokota kama munafungua mfuniko wa sufuria kubwa. Trepie nyingi zinazosimama muzuri zinashindwa hapa: zinageuka kidogo na kurudi. Trepie inayogeuka chini ya mikono itageuka chini ya upepo, kwa sababu mivukuto ya kamera kubwa inapokea upepo kama tanga la mtumbwi.

5. KICHWA

Kichwa ni kile chombo kati ya miguu na kamera, kinachotuwezesha kuinamisha na kugeuza. Mara nyingi ni pale ugonjwa unapojificha: miguu migumu, kichwa dhaifu. Kuko aina nyingi, lakini tutaeleza nne.

Kichwa cha mpira wa chuma, ambacho Wafaransa wanaita rotule. Ni cha upesi sana kwa kamera ndogo. Lakini mukilegeza visi yake, pande zote zinalegea mara moja, na kamera ya kilo 4 ao 5 inaangusha pua chini kabla hamujaishika. Mukitaka kusahihisha upande mmoja, munaharibu mwingine. Kikiwa kikubwa na cha nguvu kinaweza kufaa, lakini si chaguo letu la kwanza.

Kichwa cha mikono mitatu. Kila mkono unaendesha upande mmoja: mbele na nyuma, kushoto na kuume, na kuzunguka. Munafunga kimoja, munasahihisha kingine. Kwa kamera kubwa ni rahisi zaidi, kwa maana tunataka kamera ikae nivo. Nyuma ya kamera isipokuwa wima, nguzo za nyumba na miti zitaonekana kama zinaanguka.

Kichwa cha meno, ambacho kinaendeshwa kwa kuzungusha vifundo vidogo, kama saa. Kinasogea polepole na kwa uhakika. Ni kizuri kwa nyumba na kwa kazi za ndani, lakini ni kizito na bei yake iko juu.

Kichwa cha mbao ao cha chuma chenye ubao mpana unaoinama tu. Hiki ni cha zamani, na hakina mambo mengi. Ubao wake mpana unashika tumbo la kamera vizuri.

Katika vyote, tuangalie mambo matatu. La kwanza, ubao wa juu uwe mpana. Kamera kubwa juu ya kibao kidogo itayumba pembeni. La pili, musiweke mpira laini wa unene kati ya kamera na kichwa, watu wanafikiri unasaidia kumbe kamera inaogelea juu yake. Ngozi nyembamba ao koki nyembamba inatosha. La tatu, mufunge kila kitu, halafu musukume mbele ya kamera kwa kidole kimoja. Ikishuka na kurudi, kichwa ni dhaifu. Ikishuka bila kurudi, kichwa kinateleza.

6. VISI, MUWE NA ANGALISHO

Visi za foto ni za inchi. Ndogo ni ya 1/4, ni kusema milimetre 6,35, na kubwa ni ya 3/8, karibu milimetre 9,5. Kwa kamera kubwa tunapenda ile ya 3/8. Mtu mmoja wetu alifikiri kutumia buloni ya milimetre 10 kutoka garaji. Tunashukuru mwalimu alimzuia: unene haulingani, na meno hayalingani pia. Mukilazimisha, munaharibu ekru ya kamera, na ile ni vigumu kuipata. Hata buloni ya milimetre 6 inaweza kudanganya: inaingia kidogo katika tundu la 1/4, inaonekana kama imeshika, lakini haikushika. Kamera inaweza kuanguka.

7. TREPIE YA JEOMETA

Sasa mutauliza: sisi wanafunzi tutatoa wapi trepie ya bei kubwa? Swali lile tulijiuliza wenyewe. Jibu lilitoka kwa mzazi mmoja ambaye ni jeometa. Trepie ya mbao inayobeba vyombo vya kupima mashamba imetengenezwa kwa kazi inayofanana na yetu, kwa sababu jeometa naye hawezi kukubali chombo chake kisogee. Miguu yake ni ya vipande viwili tu, na chini kuko ncha za chuma na mahali pa kukanyaga kwa kiatu ili ziingie katika udongo. Haina nguzo ya katikati. Nyingi zina uzito wa kilo 5 mpaka 7.

Shida iko moja: visi yake ni ya inchi 5/8, karibu milimetre 16. Haiingii katika kamera. Kuko kipande cha kuunganisha kinachouzwa tayari. Sisi tulimwomba fundi mwenye mashini ya tuuri atuchongee kimoja cha shaba, chini tundu la 5/8, juu visi ya 3/8. Tulimpelekea visi zenyewe apime meno, hatukumwambia kwa mdomo tu.

Na kichwa? Hatukuweka kichwa. Trepie ya jeometa iko na ubao tambarare juu, na sisi tunaweka kamera moja kwa moja juu ya ubao ule. Tunatafuta nivo kwa kurefusha na kufupisha miguu, kama masoni anavyotafuta nivo ya ukuta. Mukitaka kuona juu zaidi ao chini zaidi, munapandisha ao munashusha lensi yenyewe, maana kamera hii inaruhusu. Inachukua dakika chache zaidi, lakini kitu ambacho hakiko, hakiwezi kutetemeka.

Tulirudia kipimo cha kioo. Tulipogonga mguu, ukingo wa duara ulicheza chini ya upana wa kidole, ukatulia kabla hatujamaliza kusema moja. Wote tulipiga makofi.

Mukinunua trepie ya mkono wa pili, ya jeometa ao ya foto, muangalie kwanza: mbao isiwe na ufa kwenye viungo, visi za kukaza zikaze kweli, ncha za chini zisiwe zinacheza. Ufa mdogo seremala anaweza kutengeneza. Kiungo kilicholiwa ni shida zaidi.

8. SIKU YA KUPIGA

Hata trepie bora inaharibika kwa matumizi mabaya. Basi tunafuata haya:

a) Mguu mmoja uelekee mbele, chini ya lensi, kwa maana uzito unaelekea pale. Kwa mteremko, miguu miwili iwe upande wa chini.

b) Juu ya udongo, tunakanyaga ncha mpaka zishike. Juu ya sima laini, ncha zinateleza. Tunafunga miguu mitatu kwa kamba ao tunaiweka katika pembetatu ya mbao. Juu ya sakafu ya mbao, hakuna mtu kutembea.

c) Tunarefusha kwanza vipande vinene, vyembamba mwisho. Hatusimamishi kamera juu kuliko lazima.

d) Upepo ukivuma, tunatundika mfuko wa mawe katikati, lakini mfuko uguse chini kidogo. Mfuko unaobembea unatikisa trepie badala ya kuituliza. Mtu mmoja anasimama upande wa upepo na mwavuli, bila kugusa kamera.

e) Baada ya kuingiza shasi na kuvuta kifuniko polepole, tunahesabu mpaka kumi. Wakati huo hakuna mkono juu ya kamera wala juu ya trepie.

f) Tunapiga kwa kamba ndogo ya kubonyeza, na kamba ile iwe imelegea. Kamba iliyokazwa inavuta kamera kama mkono.

KWA KUMALIZA

Kama mukituuliza neno moja la kukumbuka, ni hili: musiulize trepie inabeba kilo ngapi, muulize inatulia baada ya segonde ngapi. Na kama feza ni kidogo, muweke kwanza feza ile katika miguu. Lensi ya kawaida juu ya miguu migumu itatoa uso wa mtu. Lensi ya bei kubwa juu ya miguu inayotetemeka itatoa mabega tu.

Foto ya wafinalisti wa mwaka huu tutaipiga mbele ya darasa la sita, saa mbili na nusu asubuhi, kabla upepo haujaamka. Tumebakia na filmu nne. Mbili ni za wafinalisti wote pamoja. Mbili tunaziweka kwa walimu na wafanyakazi wa shule, ambao miaka hii yote hakuna mtu aliyewapiga. Tunawaomba wote: tukisema « kimya », mutulie kwa kweli, hata macho. Trepie itafanya kazi yake, nanyi mufanye yenu.

Ile foto ya mwaka uliopita hatukuitoa ukutani. Wengine walitaka tuiondoe kwa haya. Lakini ndiyo foto ya yule mwenzetu iliyobaki, na mama yake anajua kwamba iko pale.



Kikundi cha foto